Kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu: kazi za kumaliza kabla ya pepa ya mwisho

Ukiwa kidato cha sita Iyunga, Loleza, Tosamaganga, Malangali au shule nyingine yoyote ya Nyanda za Juu Kusini, akili yako yote iko kwenye mtihani wa Taifa wa mwezi Mei. Ndivyo inavyotakiwa. Ila kuna kazi nyingine inayokwenda sambamba na prepo, nayo ikiachwa hadi Julai huwa imechelewa: vyeti, majina, na kujua hasa chuo kinataka nini kwako.

Sababu ni ratiba yenyewe. Mtihani unaisha Mei. Wiki chache baadaye wito wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria unatoka, unaingia kambini kwa miezi mitatu. Dirisha la Bodi ya Mikopo hufunguliwa kati ya Juni na Julai. Matokeo hutoka Julai, na mara yanapotoka udahili wa vyuo nao unaanza. Yote haya yanakukuta ukiwa Mafinga, Itende au Mlale, simu iko mbali na cheti cha kuzaliwa kiko kabatini kwa bibi Tukuyu. Likizo ya mwisho kabla ya mtihani ndiyo nafasi yako.

Majina kwanza

Chukua karatasi, andika jina lako kama lilivyo kwenye matokeo ya kidato cha nne, herufi kwa herufi. Chini yake andika lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha lililo NIDA, kwenye kitambulisho cha Taifa, kama umeshajisajili. Linganisha. Makosa yanayojirudia ni haya: cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, shuleni uliandikishwa kwa jina la babu au la ukoo, jina la ubatizo lina herufi moja zaidi upande mmoja, au shuleni una majina mawili na cheti kina matatu.

Tofauti hiyo haikusumbui darasani, lakini mfumo wa mkopo haumjui baba yako wala babu yako. Unaona watu wawili. Jina lililo NECTA (Baraza la Mitihani) ndilo gumu kuligusa baada ya mtihani, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zinazosogea kulifuata. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya kilikotolewa, maana ndiko usajili wa RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, unakofanyika wilayani. Kama majina yanatofautiana kabisa, utahitaji hati ya kisheria ya majina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Hiyo si kazi ya siku mbili, na ndiyo maana tunasisitiza ianze mapema.

Cheti kikiwa sawa, kinatakiwa kuhakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao: unafungua akaunti, unapakia nakala iliyoskaniwa, unalipia kwa namba ya malipo, kisha unasubiri jibu lenye namba ya uhakiki. Skani cheti halisi, kwa rangi, kingo zote nne zionekane. Picha ya simu iliyopigwa juu ya meza yenye kivuli hurudishwa, na kila kurudishwa ni foleni upya. Julai na Agosti nchi nzima inahakiki vyeti kwa wakati mmoja. Machi foleni ni fupi. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe vivyo hivyo, kwa sababu ndicho kinachothibitisha yatima mbele ya Bodi.

Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka, iandike mahali usipoweza kuisahau. Ndiyo utakayotumia kuingia kwenye mifumo ya udahili na ya mkopo. Aliyefanya kidato cha nne mara mbili achague namba moja na aitumie hiyo hiyo kote. Ukiomba chuo kwa namba ya mwaka mmoja na mkopo kwa namba ya mwaka mwingine, taarifa hazikutani, unabaki na chuo bila mkopo.

Chuo hakisomi daraja, kinasoma pointi za masomo

Hapa ndipo wanafunzi wengi na wazazi wao wanapojidanganya. NECTA inahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, na jumla ndogo ndiyo nzuri: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Udahili wa chuo kikuu, chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), unahesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu tu. Sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza ni pasi kuu mbili, yaani A hadi E, zenye jumla isiyopungua 4.0, tena kutoka kwenye masomo ambayo kozi husika imeyataja.

Tazama wanafunzi watatu, wote wana "three ya 15", yaani daraja la tatu la pointi 15. Wa kwanza ana E, E, E. Wa pili ana C, E, F. Wa tatu ana D, D, F. Kwenye ubao wa matangazo wako sawa. Kwa hesabu ya udahili, wa kwanza ana pasi kuu tatu, lakini mbili zozote zinampa 2.0, mlango wa shahada umefungwa. Wa pili ana 3 na 1, jumla 4.0. Wa tatu ana 2 na 2, jumla 4.0. Hao wawili wanapita, mradi masomo hayo ndiyo kozi inayoyataka. Hata D, E, E, ambayo ni 14 na inaonekana nzuri zaidi, inaishia 3.0.

Kwa hiyo ukipata matokeo ya moko (mtihani wa majaribio) ya mkoa, usiishie kuangalia daraja. Geuza kila alama kwa hesabu ya TCU, uone uko wapi. Kama una E tatu, nguvu uliyonayo Machi na Aprili iwekeze kwenye masomo mawili yaliyo karibu kupanda. E inaanzia 40, D inaanzia 50, C inaanzia 60. Mwenye 48 yuko pua na mdomo na D. Mwenye 41 ana safari. La tatu lisiachwe kabisa, maana kozi za afya kama udaktari hutaka pasi kuu zote tatu za Fizikia, Kemia na Bailojia, na jumla isiyopungua 6.

Kwa kombi za sayansi, pepa ya tatu, ya vitendo, ndiko alama zinakopotea bila sababu. Kwenye Kemia, usomaji wa bureti (mrija wa kupimia kimiminika) uandikwe kwa desimali mbili, 24.50 na si 24.5. Jicho liwe usawa wa kimiminika, usome sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wake. Wastani upigwe kwa namba zinazokaribiana tu. Ile ya kwanza ya kukadiria isiingie. Mambo hayo hayahitaji kipaji, yanahitaji kushika bureti mara nyingi kabla ya Mei. Kama shule yenu ina maabara moja na wanafunzi wengi, jipangeni kwa makundi na mwombeni mwalimu nafasi za Jumamosi.

BAM, hesabu ya ziada kwa wasiosoma hesabu ya juu, haiingii kwenye daraja, lakini msiidharau. Zipo kozi zinazouliza ulipata nini kwenye BAM kama hukusoma hesabu ya juu.

Kuchagua kozi

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na kuna toleo la wahitimu wa kidato cha sita. Upakue, hauuzwi. Wa mwaka jana unatosha kwa kuanza kusoma sasa. Wa mwaka wako ukitoka unahakiki tu kama kuna kilichobadilika. Kwa kila kozi angalia masomo yaliyotajwa, alama ya chini na idadi ya nafasi. Nafasi ndizo zinazoeleza ushindani. Kutimiza vigezo si kuchaguliwa. Kozi yenye nafasi chache inaanza kuchukua kutoka juu.

Huna haja ya kufikiri Dar es Salaam tu. Mbeya kuna MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) kwa uhandisi na teknolojia, Mzumbe ina ndaki yake, kuna TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji), Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya hapo hapo. Iringa kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha Dar es Salaam kinachofundisha walimu, kuna RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha) na Chuo Kikuu cha Iringa. Anayetaka ualimu akumbuke kwamba atafundisha masomo mawili, na kwa kawaida ndiyo yale aliyopata pasi kuu. Mwenye HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) aliyefaulu Historia na Kiswahili ana njia nyeupe. Aliyefaulu moja tu hana.

Kwenye maombi, panga kozi kwa uaminifu. Ya juu iwe unayoitamani hata kama ni ngumu, zinazofuata ziwe zinazolingana na pointi zako, na ya mwisho iwe ambayo kwa pointi ulizonazo huna wasiwasi nayo. Anayejaza udaktari kwenye vyuo vyote akiwa na pointi 6 anajinyima mwenyewe.

Kama pointi hazikutosha, njia bado zipo: stashahada kisha shahada ukifikisha GPA ya 3.0, programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, au kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kabla ya kutoka shuleni, na JKT

Usiondoke bila cheti chako cha kumaliza shule, na kama ulikuwa kiranja, ulicheza UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) au uliongoza klabu ya somo, omba barua ya mkuu wa shule inayosema hivyo. Udahili wa kawaida hauangalii hayo, ila ufadhili wa nje huyaangalia sana, na mwezi Juni walimu wako likizo.

JKT hutaja vifaa kwenye tangazo la wito. Kwa kawaida ni bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi na trakisuti. Ukipangiwa Mafinga, sweta si hiari; Juni na Julai baridi ya huko haina huruma. Beba pia nakala za vyeti vyote kwenye bahasha ya plastiki, na uziweke kwenye barua pepe yako. Nenosiri la barua pepe hiyo liwe kichwani mwako, si kwenye simu.

Mkopo

Fomu ya Bodi inajazwa mtandaoni, inachapishwa, inasainiwa, kisha kurasa zenye saini zinapakiwa. Wanaosaini ni wewe, mdhamini, mtendaji wa kijiji au mtaa, na wakili au hakimu kwa kiapo. Mdhamini anatakiwa kuwa na picha na kitambulisho, basi mwandae mapema; mzazi aliyeko shambani Mbarali wakati wa mavuno ya mpunga hapatikani kwa simu moja. Kasoro zinazorudisha fomu ni mhuri usiosomeka, saini iliyosahaulika, ukurasa uliopakiwa kichwa chini. Angalia kila ukurasa baada ya kuupakia, si kabla. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, andika namba ya kaya, maana inabeba uzito. Mwenye ulemavu aambatishe fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Waliofaulu vizuri sana sayansi wafuatilie pia Samia Scholarship, ambayo majina yake hutangazwa baada ya matokeo.

Steshenari na namba ya simu

Wengi watajaziwa maombi steshenari, na si vibaya. Kibaya ni kuacha kijana wa steshenari aweke namba yake ya simu au barua pepe yake "ili iwe rahisi". Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi, na muda wake una mwisho. Ujumbe ukienda kwenye simu ya mtu aliyefunga duka na kwenda Tunduma, nafasi inaning'inia. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, na kama uko kambini, laini hiyo iachwe kwa mtu mmoja nyumbani anayejua la kufanya.

Fedha za Oktoba

Julai mahindi yamejaa, bei iko chini, na ndipo ada za maombi zinapodaiwa. Uzeni ya kutosha maombi, mengine yasubiri. Hata aliyepata mkopo, fedha ya chakula na malazi, bumu, ambayo ni shilingi 10,000 kwa siku, haimkuti getini. Inaanza usajili, kisha kusaini, kisha ndipo inaingia. Nenda na fedha ya kula na kodi ya chumba ya angalau mwezi mmoja, vyeti halisi, na nakala tatu tatu za kila kimoja.