Somo: Kumtambua na kumfuatilia tai wa nyika, mgeni wa vuli

Wanakikundi wa Arusha na Moshi, vuli ikishanyesha na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, tai wa nyika naye huwa amefika. Jina lake la kitaalamu ni Aquila nipalensis. Huzaliana Urusi, Kazakhstan na Mongolia, na tago lake mara nyingi hulijenga chini kwenye nyasi au juu ya miamba. Baridi ikianza kukaza kule, baadhi yao hushuka hadi Afrika Mashariki na Kusini.

Tangu 2015 yumo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama ndege aliye hatarini kutoweka. Kule kwao nguzo za umeme ni muuaji wake mkubwa. Wanaomchunguza huko humwona majira ya joto tu. Kuanzia Oktoba hadi Machi macho yanayobaki ni ya nchi wanakokwenda, yetu yakiwemo, kwa hiyo kumbukumbu tunazoandika huku zina uzito.

Hatua ya kwanza: mahali na saa. Tafuta nchi wazi yenye nyasi fupi. Wa Arusha mjaribu tambarare za Engikaret, kando ya barabara ya Namanga. Wa Moshi, nchi wazi ya Sanya na Kilimanjaro Magharibi. Nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Fika mapema, maana asubuhi anakuwa ametua chini au juu ya nguzo na unaweza kumkagua kwa utulivu. Kuanzia kama saa tatu hewa hupata joto, akapaa juu akageuka nukta.

Hatua ya pili: tazama mdomo kabla ya rangi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tunaye tai mwingine, Aquila rapax, mkazi wa hapa hapa mwaka mzima, naye ana kila aina ya kahawia, toka ya mchanga hadi ya kahawa iliyokaangwa. Ukimfuata kwa rangi atakupoteza. Mpate kwa upande, kichwa kizima. Utaona mstari wa njano mnene unaoanzia mdomoni na kurudi nyuma chini ya jicho. Kwa tai wa nyika mstari huo hufika hadi usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho. Kwa mkazi wetu huishia karibu na katikati ya jicho. Weka kamera ya simu kwenye darubini, piga picha kadhaa, kisha zikuze ukiwa umetulia. Aliyepevuka mara nyingi ana pia doa la manjano-kutu kwenye kisogo.

Hatua ya tatu: akiwa angani. Tai mchanga ndiye rahisi kuliko wote. Chini ya bawa ana mkanda mpana mweupe unaopita katikati kwa urefu wake, na juu, pale mkia unapoanzia, ana weupe wenye umbo la U. Kadiri anavyokua mkanda huo hukatika vipande vipande hadi ukaisha, kwa hiyo ukiona mabaki tu ya weupe usishangae, huyo yuko katikati ya umri. Mpevu ni wa kahawia iliyokoza, na manyoya ya bawa yana mistari yenye ukingo mweusi nyuma.

Hatua ya nne: kufuatilia. Kumwona mara moja ni furaha. Kumfuatilia ni kurudi pale pale, kwa njia ile ile. Chagua kipande cha barabara na vituo vyako, upite kila baada ya wiki mbili. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, idadi, wachanga wangapi na wapevu wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Siku usipoona hata mmoja, andika sifuri. Naomba sana hili lizingatiwe. Daftari lenye siku nzuri peke yake haliwezi kutuonyesha kama ndege wanapungua. Kisha ingiza kumbukumbu zako eBird, tovuti ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege.

Ukipita kwenye boma, salimia na uulize. Wachungaji wanajua kumbikumbi wametokea wapi jana.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niliwaona wengi wakitembea chini na kudonoa kama kuku. Tai mkubwa hivyo anakula wadudu kweli?

Marahaba. Anakula, tena kwa wingi. Kumbikumbi wana mafuta na hawahitaji kukimbizwa. Hula pia panya, mizoga, na makinda ya kwelea kwelea wanapozaliana kwa wingi.

Wangu alikuwa mweusi sana, ila mstari wa mdomo uliishia katikati ya jicho. Nimwandike wa nyika?

Hapana, dada. Hayo ni maelezo ya mkazi. Kama picha haionyeshi mdomo vizuri, andika tai asiyetambuliwa. Nayo ni kumbukumbu halali.

Nikimkuta amekufa karibu na mzoga wa ng'ombe?

Usimguse kwa mikono mitupu, huenda mzoga umetiwa sumu. Piga picha, chukua mahali kwa simu, angalia kama ana pete mguuni na usome namba yake, kisha toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Dawa za mifugo nazo zina madhara: India tai wa nyika wamekutwa wamekufa wakiwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya mifugo, mwilini. Kwa tumbusi, ambao nao hula mizoga, dawa nyingine ya maumivu iitwayo meloksikamu imethibitika kuwa salama, kwa hiyo zungumza na daktari wa mifugo wa eneo lako.

Wanajuaje njia wanazopita?

Wengine hufungwa vifaa vinavyotuma mahali walipo kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2019 tai mmoja wa watafiti wa Urusi, jina lake Min, alikaa Kazakhstan pasipo na mtandao. Alipofika Iran ujumbe wote uliokuwa umelimbikizwa ukatoka kwa mpigo, kwa bei ya juu ya huko, ukamaliza fedha za mradi. Watu wakachanga, na kampuni ya simu ya MegaFon ikajitolea kufuta deni.

Nikimwona Mei?

Mwandike, na upige picha ya bawa kwa chini. Wachanga wengine huchelewa kuondoka.