Kuhesabu kalori za chakula cha nyumbani: inasaidia ukipima

Kuhesabu kalori kunapunguza uzito, ila kwa anayepima. Anayekadiria kwa macho hukosea vibaya. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa, miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama ya watu wengine. Kilichokosewa ni hesabu: waliandika kalori 1,000 na ushee kwa siku, wakati walikuwa wakila zaidi ya 2,000.

Kwetu kukosea ni rahisi zaidi, kwani chakula cha sufuria hakina lebo. Ukiandika "mchicha" kwenye programu ya simu, mara nyingi unapewa mchicha mtupu, kalori 23 kwa gramu 100. Mchicha uliokaangwa kwa mafuta ni habari nyingine kabisa, kama tutakavyoona.

Kiwango chako cha siku

Zidisha uzito wako (kilo) kwa 10, urefu wako (sentimita) kwa 6.25, kisha ujumlishe. Toa umri wako mara 5. Mwanaume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Kwa mwanamke wa miaka 35 mwenye kilo 82 na sentimita 160: 820 + 1,000 − 175 − 161 = 1,484. Hizo ni kalori ambazo mwili wake ungetumia hata akishinda kitandani.

Zidisha jibu kwa 1.2 kama unashinda umekaa, 1.375 kama unatembea kiasi, 1.55 kama unafanya mazoezi ya maana siku nyingi za wiki. Ukisita kati ya namba mbili, chukua ndogo. Karibu kila mtu hujipendelea hapa. Mwanamke wetu: 1,484 × 1.375 = 2,040. Akitoa 500 anabaki na 1,540, na kwa mwanzo anaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki. Bila usimamizi wa daktari, mwanamke asishuke chini ya 1,200 wala mwanaume chini ya 1,500.

Pima kikiwa kibichi

Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Vyakula vikavu pima kabla ya kupika, kwa sababu maji huongeza uzito bila kuongeza kalori: gramu 100 za mchele zinaweza kutoa wali wa karibu gramu 300, na kalori ni zile zile. Namba za kushika, kwa gramu 100: unga wa sembe, mchele na unga wa ngano ni 360 hivi, maharage makavu 340, sukari 390, karanga 570, mafuta ya kula 900. Yai moja ni 70 na kidogo. Kwenye pakiti iliyoandikwa kJ (kilojuli, kipimo kingine cha nishati) peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Sasa sufuria ya familia. Tuchukue mchicha wa kukaanga:

1. Pima sufuria tupu, uandike. Tuseme gramu 640.
2. Pima kila kinachoingia. Mchicha uliochambuliwa gramu 800 (kalori 185), kitunguu gramu 100 (40), nyanya gramu 200 (36).
3. Mafuta usiyapime kwa kijiko. Weka chupa juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, mimina kwenye sufuria, rudisha chupa. Mizani ikisoma −70, umetumia gramu 70, sawa na kalori 630.
4. Mboga ikiiva, pima sufuria na vilivyomo: 1,490. Ukitoa 640, mboga ni gramu 850.
5. Gawanya kalori 891 kwa 850. Kila gramu ina kalori 1.05.

Ukijipakulia gramu 200 umekula 210. Karibu robo tatu ya hizo ni mafuta. Mboga hiyo hiyo kwa gramu 20 za mafuta ingekuwa na kalori zisizozidi 110 kwa sahani, na bado ni ya kukaanga. Ukiiunga kwa karanga za kusaga gramu 100, ongeza 570 kwenye sufuria nzima.

Chapati fanya vivyo hivyo, ila pima chupa ya mafuta kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, ili uhesabu yaliyotumika tu. Kilo moja ya unga na gramu 184 za mafuta zikitoa chapati 15, kila moja ina kalori 350. Mbili na chai ya maziwa, asubuhi tu, zimekula nusu ya siku ya yule mwanamke.

Chai nayo isikupite. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, cha kujaa hukaribia 7. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya kujaa kila kimoja ni kalori 240 hivi. Soda ya nusu lita ni kama 210.

Mnapokula kwenye sinia, jitengee sehemu yako kwenye sahani kabla. Harusini au msibani usitoe mizani. Kula kwa kiasi, andika makadirio ya juu, maisha yaendelee.

Mzani ukigoma

Kilo mbili zinazotoka wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa hiyo usishangae kasi ikipungua. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa wiki na wiki. Siku za hedhi na vyakula vya chumvi nyingi hushikilia maji. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, kagua kwanza mafuta na vya kuonjaonja. Vikiwa sawa, punguza kalori 100 hadi 150. Kila ukipungua kilo 5, piga upya hesabu ya kiwango chako.

Mazoezi usiyalipe kwa chakula. Mwenye kilo 82 akitembea kilomita 5 anatumia kama kalori 250, na chapati moja inazirudisha zote na zaidi. Ili usipoteze misuli, kila mlo uwe na dagaa, mayai, samaki au maharage.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha wasianze jambo hili peke yao. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide amwone daktari kwanza, maana akipunguza chakula bila kurekebisha dozi sukari inaweza kushuka ghafla.

Nyumba nyingi huzunguka vyakula kumi au kumi na mbili. Vikishaingia vyote kwenye daftari na kalori zake kwa gramu, kupima hubaki kwa unga, mchele na sahani yako. Chupa ya mafuta endelea kuipandisha kwenye mizani.