Laptopu inasahau saa kila ukiiwasha? Weka bisibisi chini kwanza

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi hapa Ngamiani, Tanga, na wiki haipiti hajaja mtu na laptopu iliyorudi nyuma miaka. Wengi wala hawalalamikii saa, wanalalamikia intaneti. Mtu kanunua bando, waifai imeshika, lakini kila saiti akifungua anaambiwa muunganisho si salama, ukitupa jicho kule chini kulia unakuta laptopu yaamini leo ni Januari mosi 2012. Saiti zina vyeti vya usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa laptopu iliyo 2012 inaona cheti hicho hakijaanza kazi, inagoma. Bando lako halina kosa.

Hatua ya kwanza: angalia saa imekosea kwa kiasi gani. Hapa ndo mafundi wengi tunaharibu, mteja akitamka tu saa imepotea sisi tushashika skrubu.

Ikiwa imekosea masaa matatu kamili, ile betri ndogo ya ndani inayotunza saa laptopu ikiwa imezimwa haihusiki. Sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo yawezekana kanda ya saa imewekwa vibaya, au laptopu ina Windows na Linux pamoja. Linux huandika UTC kwenye saa ya ndani ya mashine, Windows ikija inasoma ileile ikidhani ni saa ya hapa, basi inakuwa nyuma masaa matatu, kesho ukirudi Linux nayo inakuwa mbele. Wanachuo wananiletea sana hii. Nenda Linux, fungua temino (dirisha la kuandika amri), andika timedatectl set-local-rtc 1 na yaishe. Kwenye Windows chagua kanda ya Nairobi, Dar hamtaiona kwenye orodha, msikasirike, saa ni ileile.

Ikiwa imekosea masaa sita, haijakosea kitu. Kuna mama wa Makorora aliniambia, "Mwanangu, sasa hivi saa nne, hili dude lasema saa kumi." Asubuhi hiyo. Nikamrudishia laptopu yake tukacheka, sikumtoza hata shilingi.

Ikiteleza dakika chache kwa mwezi, hilo dogo. Ndani kuna kikristali kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, hakuna kinachopiga sawasawa milele, washa saa ya otomatiki usahau.

Ila ikirudi miaka, siku ileile kila mara, hapo kumbukumbu ya baiosi (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows) imekosa moto. Sasa ndo tuiongelee betri ndogo.

Hatua ya pili, hakikisha. Ingia baiosi (nyingi ni F2, HP jaribu F10), weka tarehe na saa, sevu, zima kabisa, chomoa chaja, na kama betri kubwa inatoka nje itoe. Iache mpaka asubuhi. Usiitest kwa kuzima na kuwasha palepale, maana laptopu nyingi zikiwa na chaja au betri kubwa nzima saa inakula moto wa huko, betri ndogo imelala tu. Nilikuwa na mteja wa stesheneri, laptopu yake inapoteza saa Jumatatu tu, siku zingine safi, nikaumiza kichwa kweli. Kumbe betri kubwa ilishakufa zamani anaitumia kwenye umeme tu kama deskitopu, na Jumamosi akifunga duka anazima soketi ukutani!

Hatua ya tatu kabla hujafungua kava. Kama Windows ina BitLocker (kufuli ya diski), mwambie mwenye mali atafute ule ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kwenye akaunti yake ya Microsoft, baiosi ikibadilika mashine inaweza kuudai. Halafu piga picha kurasa za baiosi kwa simu, hasa pale pa namna ya kuwaka, UEFI au Legacy, na pale pa namna ya kusoma diski, AHCI au RAID. Mimi nililipia somo hili: nilibadili betri, baiosi ikarudi setingi za kiwandani, laptopu ikagoma kupanda Windows, mchana mzima naisingizia hadi diski kuwa imekufa, kumbe ilikuwa RAID nikaikuta AHCI.

Hatua ya nne, fungua. Chomoa kwanza waya wa betri kubwa. Betri ndogo ni ya duara kama sarafu, nyingi zimefungwa plastiki na nyaya mbili nyekundu na nyeusi, zingine zimechomekwa kwenye kikombe, zingine ziko chini ya mazabodi (bodi kuu) mpaka uing'oe yote. Laptopu kadhaa za sasa hazina kabisa, saa inategemea betri kubwa, usiitafute mpaka jioni.

Pima kwa mita, DC. Mpya inasoma volti 3.0 na pointi kidogo, ikishuka chini ya 2.7 mimi naitoa. Ikisoma vizuri angalia kiungio, huku kwetu Raskazone na kote karibu na bahari hewa ya chumvi inaota kutu ya kijani kwenye pini, ukipiga mswaki na spiriti kazi imeisha, hujauza betri lakini mteja atarudi.

Soma namba iliyoandikwa. CR2032 ni milimita 20 kwa 3.2, CR2025 upana uleule ila unene 2.5, haishiki vizuri, na kukunja karatasi ya sigara kuzibia nafasi ni ushamba. Ikiandikwa ML badala ya CR hiyo ni ya kuchajiwa, usiweke CR mahali pake, bodi itaichaji na CR haitakiwi kuchajiwa. Na usilehemu juu ya betri yenyewe, joto linaweza kuipasua, nunua yenye nyaya tayari. Ile kuukuu izungushie selotepu uiweke mbali na watoto, mtoto akiimeza inachoma koo ndani ya masaa mawili, hospitali mbio bila kusubiri.

Ukifunga, rudi baiosi, weka tarehe, fananisha na zile picha. Kwenye Windows weka tarehe sahihi kwa mkono kwanza, maana saa ikipishana zaidi ya masaa 15 otomatiki yake kwa kawaida inakataa kusahihisha. Halafu fungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama admini, andika w32tm /resync. Ilaze tena usiku bila chaja.

Ikisahau tena na betri mpya, ipime baada ya siku mbili. Imeshuka? Bodi inavuja moto mahali, hiyo kazi nyingine na bei nyingine, mwambie mteja kabla hujagusa. Asiye na hela mimi namwambia aiache kwenye chaja na asizime soketi, siku ikisahau aweke tarehe kwa mkono, kazi zake zitaendelea.