Kabla Hujafunga Begi: Nguo na Vifaa vya Kuogelea kwenye Triathloni

Soma mwongozo wa mbio zako za triathloni (kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia) mwanzo hadi mwisho kabla hujanunua hata miwani. Usianze kwa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp. Mbio zinazosimamiwa na World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zina kanuni zake, za kampuni ya Ironman zina zake, na za Marekani zilizo chini ya USA Triathlon zina zake. Kinachopita huku kinaweza kukutoa mbioni kule. Mtu akikwambia "hiyo inaruhusiwa", muulize: wapi, na maji yakiwa na joto gani?

Kofia: vaa uliyopewa na waandaaji. Ukitaka ya pili ya kuzuia maji masikioni, ivae chini ya hiyo. Miwani beba mbili, moja ya kioo cheusi na moja ya kioo cheupe, kwa sababu mawingu hayakuulizi. Kibanio cha pua hakina shida. Mapezi ya miguuni, vibao vya mikononi na mrija wa kupumulia viache nyumbani. Visikizio vya muziki pia. Lile boya tunalolivuta kiunoni ni la mazoezi, na kwenye mazoezi usiliache kamwe, lakini siku ya mbio kitu cha kukuelesha hakitakiwi. Kwa kanuni za World Triathlon, glavu na soksi nazo haziingii majini.

Chipu ya muda inafungwa mguuni na ukanda wake. Ifunge kabla hujavaa suti ya mpira, ili mguu wa suti uifunike na mtu wa nyuma asiing'oe kwa kiganja.

Sasa tuje kwenye suti ya mpira, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Wengi wanadhani ni nguo ya baridi tu. Mpira ule una vipovu vya hewa ndani, kwa hiyo unainua nyonga na miguu juu ya maji. Mwogeleaji ambaye miguu yake huzama ndiye anayefaidika zaidi. Ndiyo maana imewekewa mipaka: unene wake usizidi milimita 5, na ukivaa ya vipande viwili, pale vipande vinapopandana hesabu ni ya vyote viwili pamoja. Suruali ya mpira peke yake bila sehemu ya juu hairuhusiwi na World Triathlon. Baadhi ya suti za wapiga mbizi huwa nene kuliko hizo, na mitumbani unaweza kukutana nazo. Ipime kabla ya kulipa.

Kisha kuna joto la maji. World Triathlon inawakataza wanariadha wa makundi ya umri, yaani sisi wa kawaida, kuvaa suti ya mpira maji yakifika nyuzi 22, kwa umbali wa hadi mita 1,500. Wale wa daraja la juu mpaka wao ni nyuzi 20. Upande wa pili, maji yakishuka chini ya 15.9 suti inakuwa lazima. Ironman wanaruhusu hadi nyuzi 24.5. Kutoka hapo hadi 28.8 unaweza kuivaa ukitaka, lakini zawadi na nafasi ya kufuzu unazisahau, na juu ya hapo ni marufuku kabisa. Kwa hiyo suti ile ile, mtu yule yule, ziwa lile lile lenye nyuzi 23: mbio moja unaivaa, nyingine unaiacha.

Kipimo hicho hakichukuliwi wiki moja kabla. Kwa World Triathlon kinachukuliwa asubuhi ya mbio, saa moja kabla ya kuanza, kina cha sentimita 60, katikati ya njia ya kuogelea na sehemu nyingine mbili, na kipimo cha chini kuliko vyote ndicho kinachohesabika. Maana yake ni kwamba usiku unalala bila kujua utavaa nini asubuhi. Kwa wengi huo ni usumbufu mdogo. Kwa baadhi yetu ni kuogelea au kutoogelea.

Nieleze. Mimi na mwenzangu tunafanya mazoezi Nyali, Mombasa, alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi, ananiita dada, na anaogelea vizuri kuliko mimi. Anavaa burkini: kitambaa chepesi, mikono mirefu, suruali hadi kifundo cha mguu, na kofia inayofunika shingo. Tulipojiandikisha kwa mbio za ziwani nchi jirani, mita 1,500, nilimwambia mimi kwa kinywa changu kwamba asihangaike. Ziwa liko juu milimani, maji ni ya baridi, kila mtu atavaa suti ya mpira. Suti ya mpira inafunika kuanzia shingoni hadi vifundoni. Akiongeza kofia yake chini ya ile ya waandaaji, sitara imekamilika, na hakuna haja ya kuandikia mtu yeyote barua. Tukaazima suti, tukaipima unene, tukaogelea nayo mara nne. Nilijiona nimemaliza kazi.

Asubuhi ile kulikuwa na jua tangu mapema na hakuna upepo. Ubao ukaandikwa: 22.4. Suti za mpira marufuku.

Nilivua yangu, nikabaki na nguo yangu ya kawaida inayoishia juu ya goti, basi. Yeye akafungua begi, akatoa burkini, akaenda kuvaa. Alikuwa ametulia kabisa, maana hiyo ndiyo nguo anayoogelea nayo kila siku. Kwenye mstari wa ukaguzi mama mmoja mwamuzi akamtoa pembeni kwa upole. Pale ndipo nilipoijua kanuni ambayo sikuwa nimeisoma: suti ya mpira inapopigwa marufuku, nguo yoyote inayofunika mkono chini ya kiwiko au mguu chini ya goti nayo imepigwa marufuku. Haijalishi ni kitambaa gani. Hata zile soksi za kubana za kufunika shavu la mguu tu, unazivaa ukishatoka majini.

Yule mama hakuwa mkali. Alimwambia, "Mwanangu, ungeleta ombi mapema, na jibu lake ungekuwa nalo hapa, ningekupitisha mimi mwenyewe. Sasa hivi sina karatasi ya kushika." Akakishika kitambaa cha burkini, akakivuta, akauliza kibandiko cha kiwandani kiko wapi. Tulikuwa tumekikata. Kilikuwa kinamkwaruza shingoni, na ni mimi niliyekuja na mkasi.

Kulikuwa na njia ya kukunja suruali na mikono hadi mpaka unaoruhusiwa. Wapo waliomshauri hivyo pale pale, tena kwa nia njema. Alikataa, na sikumlaumu. Alikaa kwenye jiwe na taulo begani akatushangilia. Nilipotoka majini nilimwona amenishikia viatu vya baiskeli, jambo ambalo kanuni haziruhusu, nikampigia kelele aviweke chini. Hilo neno la mwisho ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote.

Kwa hiyo, wewe dada unayevaa sitara, na wewe kocha au kaka unayemsindikiza, nisikilizeni. Andika ombi siku ile ile unapojiandikisha, usingoje mwongozo utoke. Liandikie chama cha triathloni cha nchi yako na waandaaji wa mbio, wote wawili. Eleza ni kwa sababu ya dini. Eleza nguo yenyewe inafunika mpaka wapi na imetengenezwa kwa kitambaa gani, na uambatishe picha ya nguo pamoja na picha ya kibandiko. Omba jibu kwa maandishi. "Haina shida" ya kwenye simu haishikiki mkononi. Likija jibu, lichapishe nakala mbili, moja ibaki kwenye begi na nyingine uende nayo kwenye kikao cha maelekezo siku moja kabla, umtafute mwamuzi mkuu umwonyeshe nguo kabla ya asubuhi. Jibu likiwa hapana, bora ulijue ukiwa nyumbani, bado una pesa ya nauli, uchague mbio nyingine au uingie mbio za kupokezana ukakimbia.

Na fanya hivyo hata kama unategemea suti ya mpira. Hasa kama unategemea suti ya mpira. Ziwa Kivu, ambako Ironman 70.3 (mbio zao za nusu umbali) ilianza Rubavu, Rwanda, mwaka 2022, liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake yanacheza karibu na mpaka ule wa 24.5. Huwezi kulitabiri kwa kutazama ramani. Pwani yetu haina hata cha kubahatisha: Mombasa, Tanga, Unguja, hata kusi linapovuma maji hayafiki huko chini kwenye 22, kwa hiyo mbio za World Triathlon huku ni za bila suti.

Kuhusu kitambaa: maji yakiwa ya joto, nguo iwe ya kitambaa kitupu kinachopitisha maji, kama nailoni, poliesta au laikra. Neoprini (ule mpira wa suti), mpira mwingine, au kitambaa kilichopakwa poliuritani hakipiti, hata ikiwa ni kiraka kidogo pajani. Mimina maji juu yake. Yakitiririka kama juu ya jani la mgomba, kaulize. Na kibandiko usikikate. Kikikukwaruza, kishone bapa au kibandike plasta.

Nguo yoyote iogelee mara tatu kabla ya siku yake, tena mbali kiasi, maana mshono usioumiza mita 200 unachuna ngozi mita 1,200. Shingo na makwapa ya suti ya mpira yapakwe kilainishi kinachofaa mpira, kwani mafuta ya mgando yanaharibu neoprini. Kucha fupi, la sivyo utaipasua wakati wa kuvaa. Pete na cheni vua. Namba ya kifuani ya karatasi ngumu iweke kwenye baiskeli, itakungoja.

Fika mapema kusikia joto likitangazwa. Kuwa na mipango miwili ya mavazi ndani ya begi moja, siku zote, yote miwili ikiwa imejaribiwa. Kunywa maji kabla hujavaa suti ya mpira, jua la foleni likikukuta ndani yake utaiva. Kwenye miamba angalia mashokoro yenye miiba, usiingie peku bila kutazama chini. Siku za mazoezi usiogelee peke yako, usifuate mkondo unaotoka kwenye mlango wa mwamba maji yakipwa, na mtu wa nyumbani ajue umeingia saa ngapi na utatokea wapi.