Soketi za rimoti zikigoma, angalia antena kwanza

Ukiendesha soketi za rimoti za megahezi 433 kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya saizi ya kadi, na taa ya sebuleni ikatae kuwaka, usikimbilie kulaumu programu. Moduli ya kutuma mawimbi niliyonunua Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, ilikuja bila antena. Mawimbi hayakuvuka hata ukuta wa jikoni. Nililehemu waya wa sentimita 17 kwenye kitundu cha ANT (cha antena), nikaunyoosha, sasa hata taa ya geti inatii. Soketi hizi hazirudishi jibu kwamba zimepata amri, basi tuma kila amri mara tano hivi. Moduli ya kupokea, inayosoma mawimbi ya rimoti, ukiilisha volti 5, usiiunganishe moja kwa moja na pini za Pi, zinavumilia 3.3 tu. Pasi na hita? Hapana, hizo washa kwa mkono.