Suuza chesisi kwa ndani, si bodi pekee

Kwa wenzangu wa Malindi waliorithi Land Rover za zamani, kama hii Series III iliyotoka kwa babu ikapitia kwa baba hadi kwangu: kila gari linaporudi kutoka ufuoni, ingiza mpira wa maji ndani ya chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kupitia matundu yake, uache maji yatiririke mpaka yanayotoka chini yasiwe na mchanga, kisha uliegeshe juani penye mteremko mdogo ili likauke. Bodi ya gari hili kwa sehemu kubwa ni aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu nyekundu, na ndiyo inayotuhadaa. Chesisi ni chuma chenye uwazi ndani, na chumvi iliyonasa humo huvuta unyevu wa hewa, hivyo kutu huanza kula kutoka ndani hali rangi ya nje ingali nzuri. Hakikisha kwanza, kwa kuchokoa na waya, kwamba matundu ya chini hayakuziba, la sivyo utakuwa umelijaza tope tu. Onja maji pia: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kazi bure. Iwapo nyundo ndogo ikigonga chuma hutoa mlio mzito uliokufa, au bisibisi inazama, maji hayatasaidia tena. Hapo ni kukata na kuchomelea kipande kipya.