Badala ya kumwambia "changamka"

"Changamka bwana!" huudhi kwa sababu ni amri juu ya kitu kisichotii amri. Mwenye huzuni sasa ana kazi mbili: kubeba huzuni yake, na kuigiza tabasamu ili wewe upumue.

Taja unachokiona bila kukipima: "Naona leo umenyamaza." Kisha swali moja tu: "Nikusikilize, au tutafute la kufanya?" Akitaka kusikilizwa, zuia ushauri. Hapa ndipo wengi huharibu, hasa wakianza na "angalau hujapoteza…". Hataki kuzungumza? Sema utampigia kesho jioni, na upige kweli.

Hali ikizidi wiki 2, usingizi na hamu ya kula vikipotea, mhimize amwone daktari. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Tafuta msaada papo hapo.